Niliomba ruhusa ya kumuua rafiki yangu

Mwaka 2004 nikiwa fom tuu hapa Mwanza nilikuwa na rafiki wa kalamu Tanga, tulipatana kupitia ule ukurasa wa gazeti wa kutafuta marafiki. Hatukuwahi kuonana hata siku moja, kazi yetu ilikuwa kutumiana hadithi za kutisha tu, mimi za majini wa ziwani yeye za misukule, unachana karatasi za daftari, unatia bahasha, unabandika stempu, halafu unasubiri mpaka unasahau ulichoandika.

Sasa siku moja niko intaneti kafe, dakika zinakatika si mnajua, nikakutana na habari za H.P. Lovecraft, yule mwandishi wa hadithi za kutisha wa zamani, jamaa wa Providence, Marekani, aliyekuwa akiandika barua kama hana kazi nyingine. Kuna dogo anaitwa Robert Bloch alikuwa anaandikiana naye tangu 1933, na 1935 dogo akataka kumweka kwenye hadithi halafu amuue, ila akaomba ruhusa kwanza (adabu hiyo!). Lovecraft akamjibu na hati kabisa kama ya mahakamani, kwamba anaruhusiwa kumuua, kumsambaratisha, kumgeuza atakavyo, na mashahidi chini, mmoja wao Abdul Alhazred, mtu ambaye hata hayupo, kambuni mwenyewe! Halafu naye akalipiza, akaandika hadithi akamuua mtu anaitwa Robert Blake, yaani Bloch huyohuyo kabadilishwa jina kidogo. Baadaye nilikuja kusoma alivyotuandika watu weusi, nikanywea kweli, ila siku ile sikuwa najua, nilicheka peke yangu mpaka mwenye kafe akanitolea macho.

Usiku huohuo nikamwandikia wa Tanga, ndugu yangu naomba nikuue.

Kimya. Wiki ya tatu nikaanza kujuta, nikasema labda barua kaifungua mama yake.

Ilipofika bahasha ilikuwa imelowa kona moja, wino wa bluu umetapakaa. Ndani kaandika, "Mimi niliyetajwa hapo chini, nikiwa na akili timamu," anakubali kufa kwa sharti moja tu, asife maji, mtu wa Tanga kufa maji ni aibu. Shahidi wa kwanza jini wa kisima chao, katia dole gumba. Dole lenyewe likubwa hilo, nikaligeuzageuza kwenye mwanga wa kibatari ndo nikagundua ni la mguu.

Nikamuua kwa fisi, kurasa nne.