Tanga hadi Vanga, kuufuata Mto Umba

Horohoro tulifika mapema. Siku hizi mpaka huu una kituo cha pamoja, hivyo muhuri wa kutoka Tanzania na wa kuingia Kenya nilivipata bila kuzunguka sana, nikashika bodaboda Lunga Lunga kuteremka Vanga. Kidigo nilichokiacha Mkinga ndicho nilichokisikia njia nzima.

Kilichonileta ni Mto Umba. Unaanzia milima ya Usambara huko Lushoto, unakata nyika ya upande wetu, kisha unavuka mpaka na kuingia baharini karibu na Vanga. Mvua ikikolea milimani, Vanga hufurika hata kama kwao kumekauka. Bibi aliyenikaribisha barazani kwake alinionyesha alama ya maji ukutani, juu ya kiuno changu. "Mwanangu, mvua yenyewe hatukuiona," akasema. "Tulishtukia maji tu." Na bamvua, yaani maji makuu ya bahari, likiwa kubwa, bahari nayo husukuma kutoka upande wa pili, maana mji umekaa chini, umebanwa katikati.

Mchana vijana wa kamati ya mikoko walinipeleka kwenye kitalu chao. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu. Vanga, Jimbo na Kiwegu wanalinda zaidi ya hekta 400 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa, yaani hulipwa kwa ukaa ambao miti inaufyonza na kuuhifadhi, kwa kufuata mfano waliouona kijiji cha Gazi, ambako mradi wa Mikoko Pamoja umefanya hivyo tangu 2013 kwa hekta 117 na fedha zake zikaingia kwenye maji na shule. Walinieleza kila mti na mahali pake: mlilana mbele, unaokabili mawimbi, mkoko wenyewe, yaani aina yenye jina hilo, nyuma yake, mkandaa ndani zaidi, ambako maji hufika kwa nadra. Ukipanda mkoko mahali pa mlilana, mawimbi yanaung'oa. Ni elimu ya kweli, nami niliiandika yote.

Adui wanayemwogopa kuliko shoka ni tope. Mashamba ya mlimani yakikosa matuta, udongo huteremka na mto, ukafukia mizizi inayopumulia mti, na mti hufa umesimama. Mwache, karibu na Mombasa, mikoko mingi ilikufa hivyo baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998.

Msitu huu unaendelea hadi Jasini, upande wa Tanzania. Serikali zetu mbili zimekuwa zikipanga eneo la pamoja la hifadhi ya bahari hapa, na naliunga mkono kwa moyo wote. Ila naona mpango unaoishia ufukweni hautoshi. Mkulima wa Lushoto anayechimba matuta anailinda Vanga sawasawa na kijana anayepanda mkandaa, na inafaa mezani wakae wote wawili. Kipimo cha mvua mlimani na simu moja kuvuka mpaka vingewapa watu wa Vanga muda wa kuhamisha watoto na magodoro.

Jioni bibi aliniuliza kama huko juu nina mtu. Nina mjomba Mlalo, analima kabichi. Mwenyekiti wa kamati akaandika namba ya mjomba, nasi tukampigia hapo hapo barazani.