Chai ya hekaluni na habari za bastola

Juzi Jumapili rafiki yangu Mthai alinipeleka hekaluni kwao, hapa Arizona, Marekani. Mimi najua Wabudha hata mbu hawaui, nikadhani habari ya bunduki inaishia hapo. Wapi! Chai haijapoa, watu wameshagawanyika.

Mzee mmoja fundi magari akasema bastola anayo kabatini na haoni kosa: amri ya kwanza ya Kibudha inakataza kuua, haijasema kumiliki. Mama aliyekuwa akimenya machungwa akamdaka: Buddha alitaja biashara 5 asizopaswa kuzifanya muumini, na silaha imo, pamoja na watu, nyama, vileo na sumu. "Kama kuuza ni kosa, kununua je?"

Mzee akajibu kwa upole, "1991." Mwaka huo, nje kidogo ya jiji la Phoenix, hapa hapa Arizona, watu 9 waliuawa kwa risasi ndani ya hekalu la Wathai, 6 kati yao watawa. Kimya. Hata mimi mropokaji nilikosa neno.

Tukamgeukia mtawa. Akamuuliza mzee, "Usiku ukisikia kishindo, mkono unakwenda kabatini. Moyo je, unakwenda wapi?"

"Mbio tu, bwana mkubwa."

Mama akampa chungwa.