Gari imetoka rikoli, sasa mbele inagonga: anzia pale palipofunguliwa

Nimeona niandike hili kwa sababu kila nikiongea na wenye gari zilizoitwa na mtengenezaji kubadilishwa kitu (ndiyo rikoli) mguu wa mbele, yaani zile sehemu zinazobeba tairi za mbele, nasikia habari ile ile, gari iliingia gereji kimya ikatoka inalia, na mwenyewe akirudi kulalamika anaambiwa spea bado mpya, zitajikalia sawa zenyewe. Jamani, hazijikalii. Bushi mpya (mipira ya kwenye maungio) na boli jointi mpya (viungo vya duara vinavyoacha tairi ikate kona na kupanda) zikifungwa inavyotakiwa zinakuwa kimya tangu unatoka getini, kwa hiyo mlio ulioanza baada ya matengenezo uwashuku kwanza mikono iliyofungua na kufunga kabla hujaanza kununua shokapu.

Yangu iliitwa kwa ajili ya kontroli amu za chini, ile mikono ya chuma inayoshikilia tairi kwenye bodi ya gari. Ikarudi na milio miwili tofauti, mmoja ni kwiii-kwiii nikipanda tuta taratibu, mwingine ni tok moja tu nzito, inatoka nikishika breki na inatoka tena nikirudi rivasi halafu nikaingiza gia ya mbele. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, wanafika gereji wanasema "mbele inagonga" basi, na fundi naye anaanza kubahatisha. Mlio una saa yake na mahali pake. Uligonga gari ikiwa inafanya nini? Hilo ndilo swali lenye thamani kuliko yote.

Chukua stabilaiza linki, vile vifimbo vifupi vinavyounganisha mguu na fimbo ya stabilaiza (inayozuia gari kulala kwenye kona), maana hizi mara nyingi zinafunguliwa ili amu ipate kutoka. Linki iliyolegea inagonga tok-tok-tok ndogo ndogo kwenye barabara mbovu, tairi moja ikipanda na nyingine ikishuka, lakini ukipita tuta ambalo tairi zote mbili zinapanda pamoja inaweza kunyamaza kabisa, kwa sababu ile fimbo ya stabilaiza haijipindi pande zote zikienda juu sawasawa. Halafu kuna kitu kuhusu nati ya linki nakuomba ukikague kwa macho. Ile bolti yake imeshikana na boli ya linki (kile kichwa cha duara kinachozunguka), ukifunga nati bila kuishika bolti kwa kile kitundu cha ufunguo wa Allen mwishoni inazunguka pamoja na nati, bunduki ya upepo inalia trrrr, fundi anadhani imekaza, kumbe haijakaza. Shika linki kwa mkono gari ikiwa chini na uitikise kwa nguvu, ikicheza umepata jibu.

Ule mlio wa tok ya breki na rivasi ni habari nyingine. Ukishika breki tairi inasukumwa nyuma, ukiondoka inavutwa mbele, kwa hiyo kitu chochote kilicholegea pale amu inaposhikilia krosimemba (boriti ya chuma chini ya injini) kinahama mara moja tu na kinakaa kimya mpaka nguvu igeuke tena. Ndiyo maana ni tok moja, siyo mfululizo. Kwenye gari yangu, baada ya kuiinua na kuiweka kwenye stendi (usiingie chini ya gari iliyobebwa na jeki peke yake, tafadhali sana) nilimulika tochi kwenye bolti ya nyuma ya amu upande wa kushoto nikaona pembeni ya washa pamekwaruzwa rangi, chuma cheupe kinang'aa umbo la mwezi mchanga, na unga mwembamba wa kutu ya rangi ya chungwa. Bolti iliyokazwa haichori kitu kama hicho. Bolti za sehemu hiyo zina kipimo chake cha torki (nguvu ya kukazia) kinachofuatwa kwa spana ya torki, na kwenye gari nyingi mtengenezaji anataka ziwe mpya kila zikifunguliwa kwa sababu zimetengenezwa zivutike kidogo zikikazwa, sasa ukirudishia za zamani unaweza kukaza mpaka uchoke na isishike sawa.

Na ile kwiii-kwiii? Hii ndiyo naona inafichwa zaidi. Bushi ya amu ni mpira ulioshikana na bomba la ndani na la nje, na ukikaza bolti unabana lile bomba la ndani lisizunguke tena, mpira ndio unaojipinda amu ikipanda na kushuka. Fundi akikaza bolti gari ikiwa juu kwenye lifti na tairi zinaning'inia, ule mkao wa kuning'inia ndio unakuwa mkao wa kupumzika wa mpira. Shusha gari chini, uzito unakuja, amu inapanda, na mpira unabaki umekamuliwa kama nguo saa zote hata gari ikiwa imepaki. Unalia, unachanika kabla ya wakati, na wakati mwingine gari inakaa juu kidogo kuliko zamani. Njia sahihi ni kuzisogeza bolti kwa mkono, kuweka uzito wa gari kwenye tairi au kuinua amu kwa jeki mpaka ifikie urefu wake wa kawaida, ndipo ukaze kwa torki. Kujua kama ni bushi, mwagia maji mpira wenyewe halafu pita tuta lile lile, mlio ukipotea kwa muda na kurudi ikikauka basi ni hapo. Usipake grisi wala oili ya injini, oili inakula mpira.

Mengine nayapitia haraka. Nati za tairi kaza kwanza kabla ya yote, usidharau. Ile plastiki ya chini ya injini isiporudishiwa klipu zake zote inapiga makelele yanayofanana kabisa na ya mguu. Ukizungusha usukani gari imesimama na springi inaruka dong, weka mkono wa mwenzako kwenye springi wakati wewe unazungusha, ataisikia beringi ya juu ya shokapu ikigoma. Mlio wa ka-ka-ka kwenye kona kali ukiongeza mafuta ni sivii jointi (kiungo cha shafti inayozungusha tairi). Mvumo unaopanda na spidi ni beringi ya tairi. Lakini ukiingiza mtaimbo kati ya amu na nako (chuma kinachobeba tairi) ukaona boli jointi inacheza, gari hiyo isitembee, iite breakdown iibebe.

Ukirudi kwao omba karatasi ya kazi inayoonyesha spea gani zilibadilishwa na bolti zipi zilikuwa mpya, na uulize wazi kama walikaza bushi gari ikiwa na uzito wake na kama walipima alaimenti (mkao wa tairi) baada ya kufungua. Matengenezo ya rikoli gharama yake ni ya mtengenezaji, kwa hiyo kurudia kazi iliyofungwa vibaya siyo bili yako na usikubali kuandikiwa ukaguzi wa kulipia. Andika malalamiko yako kwa maandishi, taja mlio na saa yake, na kabla hawajaipandisha lifti mpe fundi kiti cha abiria, endesha wewe mpaka mlio utoke na yeye ausikie.