Saa Mbili ya Addis Ababa

Mwezi wa Juni mwaka 2014, nikirejea Nairobi kutoka Accra kwa Ethiopian Airlines, nililala usiku mmoja katika hoteli ndogo jirani na uwanja wa ndege wa Bole, Addis Ababa. Kijana wa mapokezi alinieleza kwa Kiingereza kwamba gari la kuturudisha uwanjani lingefika mbili, nami, kama afanyavyo kila msemaji wa Kiswahili asikiapo saa ikitajwa kwa lugha ile, nikageuza kichwani mara moja: saa nane ya usiku. Tiketi ilionyesha safari ya saa nne asubuhi, lakini nilijua kwamba ndege nyingi huondoka pale usiku, nikadhani abiria wote wa hoteli wangesombwa kwa mkupuo mmoja.

Basi saa nane kasorobo nilikuwa ukumbini, begi miguuni, nikitetemeka kwa baridi, wala hapakuwa na gari wala abiria mwingine. Mlinzi, mzee aliyejifunika gabi, lile shuka zito la pamba, aliniuliza jambo kwa Kiamhari. Nilimwonyesha vidole viwili. Akacheka kimyakimya, akainua viwili vyake, akasema polepole, "Hulet se'at," kisha akaelekeza mkono upande wa mashariki na kuupandisha taratibu kama jua linavyochomoza. "Tewat."

Hapo nikaelewa, nikaona haya. Se'at ni saa yetu, kwa sikio na kwa hesabu pia, kwa kuwa Waethiopia, kama sisi, huanza kuhesabu kunapopambazuka. Kijana yule alikuwa ameitafsiri namba na kuiacha saa ilivyo, ilhali sisi tukibadili lugha hubadili na saa. Shirika la Ethiopian Airlines, lililoanzishwa mwaka 1945, huandika tiketi kwa saa na kalenda za kimataifa, ingawa nje ya uwanja, usiku ule, mwaka ulikuwa bado 2006 kwa kalenda ya Ethiopia.

Mzee hakuniacha nirudi kulala. Alinihesabia makumi, nami nikamjibu kwa Kiswahili: arba, arobaini, hamsa, hamsini, seba, sabini.

Gari lilifika saa mbili kamili asubuhi. Ndegeni tangazo lilianza kwa Kiamhari, na katikati yake nikalinasa tena neno lile, hulet se'at, nikaitazama saa yangu kwa mshtuko kabla sijang'amua kwamba safari hii walikuwa wakitaja urefu wa mwendo hadi Nairobi.