Siku moja kwenye benchi la kliniki

Saa 1:15 asubuhi. Kabla sijasalimia mtu nasoma kipimajoto cha friji ya chanjo: nyuzi 4. Safi, maana inatakiwa icheze kati ya 2 na 8. Naandika kwenye chati, napanga chupa kwenye kibebeo.

Saa 2:00. Benchi limejaa. Mimi ni muuguzi kliniki ya watoto, kituo cha afya hapa Tanzania. Zamani nilisimama na bango nikahubiri dakika ishirini, akina mama macho yote kwenye mzani. Siku hizi nakaa katikati yao.

Mmoja ananifunulia bega la mwanawe wa wiki sita. Kipele kina usaha, juu yake dawa ya meno imekauka.

"Nesi, sindano ya kuzaliwa imeoza."

"Haijaoza, mama. Hiyo BCG, ya kifua kikuu, ndivyo inavyofanya. Usikamue, usipake kitu. Itakauka iache kovu."

Bibi wa pembeni anakunja mkono wa gauni, anaonyesha kovu lake. Wa tatu naye. Nikanyamaza, somo wameshalimaliza wenyewe.

Saa 4:00. Mapaja, matone, vilio.

Saa 6:30 mchana. Napita kwenye foleni ya presha. Mama mmoja ananivuta: "Ile chanjo ya kizazi, siku ya shule nilimficha binti yangu."

Hapo ndipo neno linapotuponza. Sisi tunasema "chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi". Ikifika mtaani saratani imedondoka njiani, kimebaki kizazi. Nani amtoe mwanawe achanjwe kizazi? Kwa hiyo naanza na kirusi: HPV, ndicho kinacholeta hiyo saratani. Chanjo yake ilianza nchi nzima 2018 kwa dozi mbili. Tangu 2024 ni moja tu, wasichana wa miaka 9 hadi 14.

"Wako umemchanja?" ananiuliza.

"Nimemchanja."

Akaitwa kupimwa, akaenda bila neno.

Saa 9:00. Chupa ya surua-rubella niliichanganya saa 3:00. Saa sita zikiisha haitumiki tena. Ilikuwa ya dozi kumi, natupa nne. Sijawahi kuizoea hii.

Saa 9:20. Nafunga kibebeo, mlango unagongwa. Yule mama wa presha, kadi mkononi.

"Jumatano upo?"

"Nipo."

"Wanatoka shule saa nane. Usiondoke."