Sanduku la vipande 108 na ile 13 niliyoidharau

Aliyenishauri ninunue sanduku zima ni mwenzangu wa ofisini, mtu ambaye, kama nilivyokuja kugundua baadaye, hajawahi kufungua hata kichwa cha betri kwa mkono wake. "Ukiwa na seti kamili umemaliza, Baba Neema," aliniambia. Mimi ni mhasibu, nikapiga hesabu papo hapo: vipande 108 kwa Sh 85,000 hivi, kila kipande hakifiki hata Sh 800. Nikajiona nimemwibia mwenye duka. Nilitoka Kariakoo na sanduku begani kama mtu aliyeshinda kombe.

Kilichonifikisha huko ni gereji moja ambayo sitaitaja. Nilipeleka Toyota IST yangu ya namba C kumwaga oili, nikalipia na filta mpya. Kabla ya kwenda nilikuwa nimeiwekea filta ya zamani alama ndogo ya rangi ya kucha ya mke wangu, kwa mashaka tu. Gari liliporudi nikaingiza kichwa chini na tochi ya simu. Alama yangu ile pale, imefutwa vumbi vizuri, inanitazama. Siku hiyo ndiyo niliapa kwamba oili, breki, plagi na betri nitavigusa mwenyewe. Mambo ya giaboksi niliwaachia wenyewe, sijarogwa.

Basi sanduku. Kulifungua kunafurahisha, sikatai. Kila kitu kinang'aa, kimelala kwenye kitanda chake cha plastiki. Mama Neema akaja akachungulia, akauliza, "Hivi vyote ni vya gari moja?" Nikamwambia ndiyo, bila aibu. Kumbe karibu nusu yake ni vichwa vya bisibisi vidogo kama meno ya mtoto, na boksi spana nyingine ni za namba (upana wa kichwa cha nati kwa milimita) ambazo gari langu halizijui kabisa. Mjapani anakula 10, 12, 14, 17, mara 8, mara 19, na 21 kwenye nati za matairi. Ukimaliza hizo umemaliza karibu Toyota nzima. Hizo 13, 15 na 18 ni za Mzungu. Ile 13 nilikuwa naicheka waziwazi, nilikuwa naishika nawaonyesha wageni: "Huyu hapa hajawahi kufanya kazi tangu azaliwe." Na 16, ambayo IST inaihitaji kwenye plagi, ilikuwa fupi, haifiki chini ya shimo.

Racheti, ule mpini wenye meno ndani unaozungusha boksi, ilidumu miezi miwili. Nilikuwa nafungua nati ya tairi (najua, racheti si ya kazi hiyo, sasa najua) na meno yake yakaruka ndani. Mkono wangu ukaenda nao moja kwa moja kwenye rimu. Kovu ninalo, kwenye kidole cha shahada. Halafu 10 ikapasuka ubavuni kama muwa, na ubavuni pale pale pameandikwa Chrome Vanadium, yaani chuma kigumu, kwa herufi za kujiamini kabisa. Maandishi hayakazi nati.

Nikabadili mwendo. Nilianza kununua kimoja kimoja, kazi ikinidai. Kufika kwenye kazi, kukwama, kwenda Gerezani, kurudi na kitu kimoja. Kule kuna wazee wanatandaza vifaa vya mtumba chini kwenye turubai, vingi vimetoka Japani pamoja na magari, na ukiwa na subira ya kuchambua unapata spana ya KTC, kampuni ya Kijapani, imechakaa rangi tu, mdomo wake mzima. Mara Sh 6,000, mara 8,000, inategemea ameamkaje. Namna ya kuipima: chukua bolti mpya mfukoni mwako, ya namba hiyo hiyo, uivalishe. Ikicheza, rudisha chini. Nilikuwa natembea na bolti 4 mfukoni, mlinzi wa ofisini akadhani nimeanza biashara ya vyuma chakavu.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia: boksi za pembe 6 na za pembe 12 si ndugu. Pembe 6 inakumbatia nati ubavuni, pembe 12 inaivalia kwenye ncha, na nati ikiwa ngumu au imezeeka inazila ncha zake. Kwa kazi ya kila siku nunua pembe 6. Nimesema kazi ya kila siku.

Sasa ile Jumamosi. Nilianza saa 4 asubuhi nikijua saa 5 nitakuwa nakunywa chai. Jeki la kwanza lilizama mchangani (Kigamboni yetu si sakafu, ni ufuo) nikatafuta kipande cha mbao ya mninga nikaliwekea chini, nikaweka stendi mbili, na tairi la akiba nikalilaza chini ya ubavu wa gari endapo lolote litatokea. Wanaoweka matofali, Mungu awalinde; tofali likipasuka halipigi hodi. Nikajilaza chini, nikavalisha 14 kwenye bolti ya kumwagia oili, nikavuta. Kimya. Nikavuta tena kwa miguu miwili dhidi ya ukuta wa uzio. Ikazunguka! Nikashangilia peke yangu mvunguni. Kumbe iliyozunguka ni spana. Bolti iko pale pale, ila kichwa chake kimelika.

Aliyeikaza mara ya mwisho ni yule yule wa filta. Nadhani aliikanyagia mguu. Nikajaribu plaizi ya kubana, ikang'ata ikateleza, ikazidisha ubaya. Nikajaribu spana ya bomba ya jirani, haina nafasi ya kugeuka. Kufika saa 7 mchana bolti ilikuwa mviringo kama kifungo cha shati, gari liko juu, na kesho yake nilikuwa na msiba wa kuhudhuria Bagamoyo.

Nikavuka pantoni kwa miguu, nguo za oili, watu wakinipisha kwa hiari yao. Feri nikapanda bajaji hadi Gerezani, kwa yule mzee wangu wa turubai. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, nataka 14 kali kuliko zote ulizonazo."

"Marahaba. Ya kazi gani?"

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaikuza kwa vidole viwili, akaitazama muda, akacheka bila sauti, mabega tu.

"Hiyo si 14 tena, mwanangu. Hiyo ni sarafu. Nyumbani una 13?"

Nikamwambia ninayo, imekaa tu haina kazi.

"Ya pembe 12?"

Ndiyo, ya sanduku, ya pembe 12.

"Basi rudi nyumbani. Ipige nyundo iingie kwa nguvu. Ikishaingia haitoki, na ikitoka inatoka na mwenzake. Ukimaliza itupe."

Hakuniuzia spana. Aliniuzia tupa ndogo iliyotumika, na akanielekeza duka la jirani nikanunua bolti mpya na washa yake (pete ya kuziba oili), vyote havikufika hata Sh 5,000. Nikarudi pantoni nikiwa na mawazo mengi kuhusu 13.

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu napapenda. Kwanza niliifuta bolti kwa petroli hadi ikauka kabisa, maana chuma chenye oili hakishiki. Nikailamba kwa tupa kidogo pembeni, pale ambapo plaizi ilikuwa imeinua vinyweleo vya chuma. Nikaishika 13, ile ile niliyokuwa nawachekeshea wageni, nikaigusisha. Haiingii, kama ilivyotakiwa. Nikaanza kugonga taratibu, natega sikio, kwa sababu nikikosea napiga sampo, bakuli la oili chini ya injini. Mlio wa mwanzo ni mwembamba, ting, ting. Kadiri inavyomeza mlio unanenepa. Ulipofika *du*, kama unagonga mlango wa mbao, nikaacha. Nikaitikisa kwa mkono: haitikisiki, imekuwa kitu kimoja na gari. Nikachomeka mpini mrefu usio na racheti, nikanong'ona bismillahi, nikavuta polepole bila kushtua.

Ikalia kriii. Nilijua ndiyo hiyo hiyo spana inazunguka tena. Halafu tone moja jeusi likanidondokea kwenye shavu.

Sijawahi kufurahia uchafu namna ile. Nililala pale chini oili ikishuka kwenye beseni, na nusu ikanimwagikia begani kwa sababu kwa furaha nilisahau kusogea. Filta nayo ilinipa shida zake lakini hiyo sitaisimulia. Itoshe kusema kwamba ushauri wa kuichoma na bisibisi na kuizungusha ni ushauri wa adui. Inachanika kama kopo la samaki na shina linabaki. Nunua kifungulio cha mkanda, au funga mkanda wa zamani wa suruali.

Kukaza nako kuna ujanja. Spana yenye kipimo cha nguvu bei yake ilinitisha, lakini nina ile mizani ndogo ya kuning'iniza, ya kupimia mabegi ya safari. Kitabu cha gari kinataka nati za tairi zikazwe nyutonimita 103. Kwa mpini wa nusu mita hiyo ni sawa na kuvuta kilo 21 kwenye ncha yake. Naning'iniza mizani kwenye ncha, navuta mizani ikiwa pembe mraba na mpini, ikisoma 21 naachia. Watoto wa mtaa wanadhani napima uzito wa gari.

Mpangilio wa vifaa ulinishinda kwa muda mrefu kuliko ufundi wenyewe. Sanduku la plastiki linaonekana nadhifu dukani tu. Kipande kimoja kikipotea kingine kinahama, mwisho unatikisa sanduku zima kama mganga. Na hewa yetu ya chumvi haina huruma. Nilisafiri wiki 3, nikakuta spana zimeota unga wa kahawia. Sasa kila nikimaliza napitisha kitambaa chenye oili kidogo, na nakusanya vile vifuko vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vya kunyonya unyevu, natupia humo. Ndugu zangu wote wanajua: ukinunua viatu, kifuko ni cha Baba Neema.

Kwa spana nilichukua plaiwudi ya futi 4 kwa 2, nikapigilia misumari, na Neema akachora kwa kalamu nene umbo la kila kifaa nyuma yake. Ukiangalia ukutani jioni unaona pengo kabla hujaanza kuhesabu. Kila namba ina rangi yake ya kucha: 10 nyekundu, 12 zambarau, 14 ile ya dhahabu ambayo mama yake alikuwa anaitafuta. Ukiwa mvunguni na mtoto wa miaka 9 ndiye anayekupa vifaa, "nipe ya zambarau" ni rahisi kuliko "nipe kumi na mbili, hapana, hiyo ni kumi na nne". Vya kubeba safarini vipo kwenye mkunjo wa turubai wenye mifuko, alionishonea fundi cherehani wa pale sokoni baada ya kuniuliza mara tatu kama ni wa kuwekea visu. Na sumaku ya spika iliyokufa, nimeifunga kamba, ndiyo inayopiga mbizi kutafuta nati zilizoangukia kwenye injini. Sijawahi kununua kitu kizuri kuliko hicho nilichokiokota.

Namba 10 nimepoteza nne. Moja niliikuta chini ya betri, imekaa kwenye kona yake. Ilikwenda nami Bagamoyo kwenye ule msiba na kurudi, bila nauli. Nyingine tatu zilikwenda kwa njia ya "jirani, naomba dakika mbili". Kwa hiyo nimeanzisha daftari. Tarehe, kifaa, rangi, jina, saa ya kurudisha. Mwanzoni walininunia, hasa shemeji yangu, akasema nimekuwa benki. Lakini tangu daftari lianze haijapotea hata moja, na shemeji ndiye mwenye kurasa nyingi.

13 sikuitupa. Kuna namna ya kuitoa bolti, unaigonga kwa nyuma kupitia tundu la mpini, lakini sikutaka. Imening'inia ubaoni katikati, na bolti yake mdomoni. Mwezi uliopita jirani wa nyumba ya tatu kaingiza gari la Kijerumani, jeupe, zuri, na Jumapili ya kwanza tu akaja getini, mikono nyuma.

"Baba Neema, hodi. Samahani, una 13?"

Nikamkaribisha ndani, nikampeleka mbele ya ubao, nikamwachia aitazame mwenyewe.