Mianzi Juu ya Sebule

"Mama, mbona hapa mistari imepinda?" Juzi jioni mwanangu alikuwa amelala chali kwenye kochi, kidole juu, akionyesha ile kona ya dari karibu na mlango wa jikoni. Nikamwambia hapo ndipo babu wa mianzi alipokutana na fundi wa jipsamu. Akaridhika, akarudi kwenye katuni zake. Mimi ndiye niliyebaki nalo.

Wakati tunamalizia nyumba ya Kihesa, Baba alikuwa ameshaamua: jipsamu nyumba nzima, nyeupe, na zile taa za kuchomeka darini. Dari yenyewe hatukuibishania. Iringa mjini ni kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na chini ya bati tupu mwezi wa saba utalala na koti. Ila mimi nilitaka katikati ya sebule pawe na mkeka wa mianzi, jipsamu izunguke pembeni. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nimezaliwa kwenye tembe. Udongo juu, moshi ndani, mvua ikizidi tunahamisha vitanda. Nimehangaika maisha yangu yote nitoke huko, leo unanirudishia miti kichwani?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo naona alikuwa na haki ya kusema vile. Wengi tunaosifia vitu vya asili hatukulala navyo. Hata hivyo, sebule aliniachia.

Mzee wa kunisukia mkeka alitoka Kilolo, kazi yake kusuka matenga ya nyanya. Mianzi alikuwa ameikata kiangazi, ile iliyokomaa, siyo michanga inayogemwa ulanzi, ile pombe ya mianzi, masika, akailoweka kijitoni chini ya mawe kwa majuma kadhaa. Bungua anafuata utamu ulio ndani ya mwanzi, aliniambia. Maji yakishautoa, mdudu hana cha kufuata. Inaniuma kuona watu wanairuka kazi hii, halafu unga wa njano ukianza kuwadondokea kwenye makochi wanasema vya asili havidumu.

Alivua viatu mlangoni, akasalimia kwa Kihehe, "Kamwene", akaketi chini kwenye marumaru ambayo hata hatujaanza kuyakanyaga vizuri. Akaweka makali ya kisu kwenye ncha nyembamba ya mwanzi, akagonga mara moja, kisha akawa anasukuma tu. Mwanzi ukapasuka wenyewe mpaka mwisho, ukilia kama kuni kavu zinaposhika moto. Nusu, robo, mpaka vikawa vipande vya upana wa kidole. Nyama ya ndani akaibandua, akabakiza ganda. Kila chane aliipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, macho yakiwa kwingine kabisa, na palipokwaruza akaparudia kwa kisu. Ndipo akaanza kusuka: mbili juu, mbili chini, kila mstari ukisogea hatua moja mbele ya wenzake, hadi mshazari ukajichora wenyewe pale sakafuni.

Fundi wa jipsamu, kijana wa mjini, alikuwa juu ya ngazi na mashine yake ya leza. Akaiwasha. Mstari mwekundu ukateremka ukutani, ukapita sakafuni kandokando ya mkeka, na ukingo wa mkeka ukalala juu yake sawasawa. Lakini ukutani, kadiri unavyokaribia mlango wa jikoni, nafasi ilikuwa inapungua.

Kijana akashuka, akachuchumaa. "Mzee wangu, mkeka wako umenyooka. Ukuta ndio umekwenda upande."

Mzee akautazama ukuta, akautazama na ule mstari mwekundu. "Ukuta haufumuki, mjukuu wangu. Huu unafumuka."

Akaifumua kona nzima. Akachonga chane nyembamba zaidi, akazipenyeza moja moja, akiubana mkeka kidogo kidogo kufuata ukuta. Kijana akamshikia ncha, akawa anamwambia pa kuishia, huku leza inawamulika wote wawili mikononi. Hakuna aliyemfundisha mwenzake, na hakuna aliyeomba radhi kwa ajili ya kifaa chake. Mimi nilisimama na beseni la chai mkononi mpaka vikombe vikapoa.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Vanishi, mkeka ukapanda, jipsamu ikakatwa kufuata ukingo wake, taa zikawaka. Mama akaleta mapazia na vikapu vyake vya milulu, zile nyasi za kusukia.

Baba mpaka leo hajaniambia kama ameipenda. Wageni wakiinua macho na kusifia, huwa anasema, "Hiyo ni ya binti yangu." Mdogo wangu anashikilia kwamba hiyo ni fahari. Mimi nasikia fahari, lakini nasikia pia mtu anayetenga: ile yake, hii yangu. Chumbani kwake hataki hata kikapu ukutani. Sasa tunamwekea chumba kingine upande wa uani, magoti yake hayapendi tena ngazi za mbele. Dari itakuwa jipsamu nyeupe tupu, ameshaniambia, na nimeshampigia yule yule kijana.